Mama Mvuke na Msaidizi Asiyeona Magari

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi, ambaye kwa kawaida huzisoma siri zangu usoni kabla sijavua viatu. Mama Mvuke anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha kufulia nguo za hospitali. Kabla ya kuruhusiwa kuondoka palikuwa na jaribio la wiki moja. Na wiki nzima ile, huku kila mtu akimwombea mema, mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo jaribio lishindwe.

Kisha Meneja akaja kwenye meza yangu akasema, "Wewe ndiye uliyekaa naye karibu. Utaandika wasifu wake kwenye jarida la wafanyakazi." Nikasema sawa, kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Basi tuanze kwa heshima inayostahili. Mama Mvuke aliingia kiwandani akiwa msichana wa umri kama wangu, akapangiwa mashine ndefu ya kunyooshea mashuka, ile inayomeza shuka bichi upande huu na kulitema likiwa kavu upande wa pili. Waliofanya naye kazi wanasema alikuwa akikunja mashuka huku akisimulia mchezo mzima wa redio wa jana yake, akiigiza sauti zote, na pindo halikupinda hata kidogo. Baadaye alihamishiwa kwenye boila, ile inayochemsha maji na kutoa mvuke wa mashine. Wengi hudhani jina lake lilitoka huko. Madereva wa zamani wanakataa. Wanasema aliitwa Mama Mvuke kwa sababu akiingia chumbani, vioo hutoka jasho.

Kutoka kwenye boila alikwenda kwenye uchambuzi wa nguo chafu. Huko ndiko alikoanzisha utepe wa rangi tunaoutumia hadi leo, ili nguo za chumba cha upasuaji zisije zikachanganyika na mapazia ya ofisini. Kabla ya utepe huo, inasemekana daktari mmoja aliwahi kuvalishwa kitambaa cha meza chenye maua na akafanya kazi yake bila kulalamika. Mwisho akawa mpangaji wa magari, kiti alichokikalia mpaka sasa, nyuma ya kile kioo kilicho kati ya ukumbi wa kunyooshea na gereji. Ana simu mezani. Madereva wanasema simu hiyo ni pambo tu, maana akiongea, hospitali ya karibu inamsikia hata isipopokea.

Hakuna mfanyakazi asiyejua habari ya siku boila ilipogoma. Hospitali zilikuwa zinasubiri, mashine zimekaa kimya, na Meneja wa wakati huo amesimama na tai yake anauliza tufanyeje. Mama Mvuke akajaza mabeseni makubwa maji na sabuni, akakunja sketi, akaingia miguu mitupu na kuanza kukanyaga mashuka. Mmoja mmoja wakamfuata. Meneja alipobaki peke yake amesimama, Mama Mvuke alimgeukia na kumwambia, "Vua viatu, bosi. Mashuka hayajui nani ana ofisi." Akavua.

Mtu wa namna hiyo haachiwi kirahisi. Mara ya kwanza alipotaka kustaafu, mashine mpya zilikuwa ndiyo kwanza zinafungwa, akaombwa avumilie. Mara ya pili, mrithi wake aliyefundishwa akafundishika alipata kazi kwingine na kuaga kwa ujumbe wa simu. Mwaka huu mambo ni tofauti. Binti yake wa pekee, anayeishi mji wa mbali, anatarajia mtoto wake wa kwanza mwezi huu. Alimpigia mama yake simu kazini, na kwa kuwa Mama Mvuke husikiliza simu kwa sauti ileile anayoongelea, sote tulisikia: "Mama, safari hii usiniletee habari za mashuka. Nakuhitaji hapa."

Meneja akakubali, kwa sharti. Aende, ila kwanza Msaidizi athibitishe kwamba anaweza kupanga magari.

Kwa wasomaji wa idara nyingine ambao hawajakutana naye, Msaidizi ni programu ya kompyuta inayosoma ujumbe wa hospitali na kuamua la kufanya. Amepewa zana zake: ya kuangalia oda imefikia wapi, ya kutuma gari, ya kubadilisha zamu ya kufua, na ya kumpigia simu mtu wa zamu akikwama. Lakini Msaidizi hajawahi kuona gari. Hajui gereji iko upande gani. Anachokiona ni jina la zana, na chini yake maelezo mafupi yaliyoandikwa na mtu. Kwa maelezo hayo ndipo anaamua ashike zana ipi, lini, na aipe nini. Maelezo yakiwa ya hovyo, naye atafanya kazi ya hovyo, tena kwa adabu na kwa haraka.

Mtu aliyepewa kazi ya kuandika maelezo hayo ni mimi. Nilikuwa nimemaliza shule juzijuzi, nimekuja kama kibarua wa kuchapa, na Meneja aliona kwenye vyeti vyangu kwamba nilikuwa napata alama nzuri za insha. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya ya kiwanda.

Nitanakili hapa maelezo yangu ya kwanza ya zana ya kutuma gari, ili kizazi kijacho kijionee: "Zana hii ya kipekee hutuma gari kwa kasi ya ajabu ili kutimiza kila hitaji la mteja wetu mpendwa." Nilipomaliza niliisoma tena kwa raha. Nilifikiria hata kuichapa niibandike ukutani.

Jumatatu asubuhi, muuguzi wa kliniki moja ndogo aliandika kuuliza vitambaa vyake vya meza vitarudi lini. Hilo ni hitaji, na yeye ni mteja mpendwa. Msaidizi akatuma gari. Muuguzi akaandika kuuliza mbona gari limekuja tupu. Hitaji lingine. Kufikia wakati wa chakula magari yetu yote matatu yalikuwa yamejipanga getini pa kliniki hiyo, madereva wameketi kivulini wanapiga soga. Mmoja wao, yule tunayemwita Kijiko kwa sababu hakosekani mahali penye chakula, alinipigia. "Kimya," akasema, "huku kuna harusi? Maana sisi tumefika lakini hatuoni sahani."

Kimya ndilo jina nililopewa hapa. Nililipata wiki ya kwanza, baada ya kugundulika kwamba namwandikia ujumbe mtu aliyekaa meza ya pili yangu, kumwomba anipitishie kalamu.

Mama Mvuke alicheka mpaka akashika kabati. Alipopata pumzi akaniambia, "Mwanangu, huyu umemwandikia barua ya mapenzi. Mwambie kazi!" Akavuta kibodi upande wake ili anionyeshe watu wazima wanavyoandika.

Hapa naomba ieleweke kwamba simsemi vibaya mstaafu wetu. Lakini haki ni haki. Maelezo yake yalijaza skrini yakaendelea chini. Alieleza historia ya kila gari. Alieleza kwamba gari jeupe mlango wake wa nyuma lazima uinuliwe kwanza ndipo uvutwe. Alieleza pia kwamba Kijiko asipelekwe hospitali ya mlimani, kwa kuwa yeye na mlinzi wa huko hawasalimiani tangu walipogombania maegesho. Yote yalikuwa kweli. Kesho yake hospitali ya mlimani iliuliza gari liko wapi, na Msaidizi, aliyesoma yote na kuyaamini yote, akajibu: "Samahani kwa kuchelewa. Dereva aliye na nafasi ni yule asiyesalimiana na mlinzi wenu."

Aliyekuwa zamu kusoma ujumbe wa hospitali siku hiyo alikuwa mlinzi.

Baadaye kidogo Sista Mkuu wa hospitali hiyo, mama anayeogopwa hata na madaktari, alipiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mama Mvuke akiiweka simu mbali na sikio. Alipoikata, tulitazamana. Mimi nilikuwa nimemwandikia Msaidizi maneno matamu yasiyo na habari. Yeye alikuwa amempa habari zote, hata za ugomvi wa watu. "Haya," akasema. "Tumeaibika wote. Twende kwa fundi."

Fundi ni yule mshonaji wa kona ya dirishani anayetia viraka mashuka yaliyochanika. Katika maisha yake hajawahi kupanga gari hata moja, na ndiyo maana Mama Mvuke alimchagua. Tangu siku hiyo, kila tulipoandika maelezo ya zana, tulikwenda kumsomea. Mama Mvuke alikuwa anavuta kiti, anasoma kwa sauti yake ile, halafu anasema, "Haya fundi, wewe sasa ndiye Msaidizi. Mteja anauliza mashuka yake yamefikia wapi. Unafanyaje?"

"Natuma gari," fundi anajibu, pini ziko mdomoni.

"Kwa nini utume gari, na mtu kauliza tu?"

"Dada, mmesema inatuma gari. Hamkusema lini nisitume."

Tunarudi, tunaandika upya, tunamwendea tena. "Hapa pa siku ya kupeleka, niandike Jumanne au niandike tarehe?" Tunarudi. "Hii ya kuangalia oda na hii ya kutafuta oda ni mapacha? Nitamjuaje yupi ni yupi?" Tunatazamana, tunagundua kwamba hata sisi hatujui, tunafuta moja. "Na nikikosea namba ya hospitali, itaniambia nini?" Ilikuwa inasema "Imeshindikana" basi, na Msaidizi alikuwa akiendelea kujaribu vilevile, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba isiyo na watu. Tukaibadilisha ikawa inasema namba hiyo haipo, mwombe mteja jina la hospitali.

Kuna siku Mama Mvuke alichoka. "Fundi, wewe unashona au unahoji?"

"Mmeniita wenyewe, dada. Mimi nilikuwa na shuka langu."

Swali lake moja lilikuwa linatufanyisha kazi hadi jioni. Lakini ndivyo tulivyofika kwenye maelezo yanayotumika leo, na nayanakili nayo, maana haya yana mkono wa Mama Mvuke: "Hutuma gari moja kwenda hospitali moja, kuchukua au kupeleka nguo. Tumia pale tu mteja anapoomba gari, au oda yake inapokuwa tayari kupelekwa. Usitumie mteja anapouliza tu habari za oda. Kwa hilo tumia zana ya kuangalia oda. Weka namba ya hospitali na tarehe kamili. Gari likishatoka halirudishwi njiani."

Hakuna kasi ya ajabu. Hakuna mpendwa. Mwalimu wangu wa insha angenipa alama za huruma. Lakini fundi alipoisikia alitoa pini mdomoni, akafikiri, kisha akarudi kwenye shuka lake bila kuuliza kitu. Mama Mvuke alinipiga bega kwa furaha, bega ambalo liliuma hadi siku ya pili.

Sentensi ya mwisho niliiongeza mwenyewe, wala sikujivuna, ilitoka tu kwenye tabia yangu ya kuogopa kukosea: "Mteja akitaka gari liende mahali pasipo kwenye orodha, usikisie. Mpigie simu mtu wa zamu umuulize." Mama Mvuke aliisoma, akanitazama kidogo, akasema ni nzuri sana. Nilipoandika "mtu wa zamu," kichwani mwangu mtu huyo alikuwa Mama Mvuke. Wakati wote alikuwa Mama Mvuke. Ndivyo nilivyo na akili.

Wiki ya jaribio ikafika. Sheria ya Meneja ilikuwa rahisi. Mama Mvuke akae kwenye kiti chake lakini asiguse simu, asiguse kompyuta, asimwelekeze mtu. Mtu wa zamu ni Kimya. Nguo za chumba cha upasuaji zikikosekana hospitali yoyote hata mara moja, Mama Mvuke abaki hadi mwisho wa mwaka. Na binti yake? Meneja alisema anasikitika, lakini mgonjwa hawezi kulazwa kwenye meza ya upasuaji isiyo na shuka. Hakuna aliyeweza kubishana na hilo.

Mama Mvuke akakaa akiwa amekalia mikono yake mwenyewe. Simwongezei chumvi, aliikalia kabisa, maana alisema akiiachia itakwenda kwenye simu peke yake. Na mimi ndipo nilipoanza zile dua zangu. Nilijua alivyokuwa anahitajika kwa binti yake. Nilijua pia kwamba akiondoka, kile kiti kitabaki na mimi, pamoja na simu yake, na madereva, na Sista Mkuu. Lakini woga wa simu ni nusu tu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba sijawahi kuwa mahali ambapo mtu anaongea kiasi kile na bado anakusikia usipoongea.

Siku ziliendelea vizuri, yaani vibaya kwangu. Msaidizi alituma magari panapotakiwa, akajibu maswali pasipotakiwa gari. Ijumaa mchana, ikiwa imebaki jioni tu jaribio liishe, hospitali ya mlimani iliandika. Umeme wa jengo lao kuu umekatika, upasuaji umehamishiwa jengo jingine, leteni nguo huko haraka. Jengo hilo halikuwa kwenye orodha.

Msaidizi hakukisia. Simu ya mezani kwangu ikaita.

Ukumbi mzima ulijua ni nani anapiga. Kijiko alisimama mlangoni na funguo mkononi. Mama Mvuke alinigeukia, bado kakalia mikono, midomo imekazana kama mtu aliyetiwa pini za fundi. "Kimya," akasema. "Simu." Alinong'ona. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba anaweza kunong'ona.

Ikaendelea kuita. Nikauangalia mkono wangu, nao ukaniangalia. Nilijua vizuri kabisa kitakachotokea nikiiacha. Msaidizi hatatuma gari bila ruhusa, kwa sababu mimi ndiye niliyemwandikia hivyo. Nguo zitachelewa. Jaribio litashindwa. Mama Mvuke atabaki, na hakuna atakayenilaumu sana, kwa sababu kila mtu anajua Kimya anaogopa simu.

Ndipo nikaona mfuko wa Mama Mvuke chini ya meza, ule aliokuwa akija nao kila siku wiki ile. Zipu ilikuwa imeshindwa kufunga. Kofia ndogo ya sufi ilikuwa imechungulia nje, ndogo kiasi kwamba ingetosha kwenye ngumi yangu.

Nikapokea. Msaidizi akanisomea swali lake, nikamwambia angoje, nikampigia Sista Mkuu.

"Nani wewe?" akaniuliza. "Mama Mvuke yuko wapi?"

"Yupo, Sista. Anastaafu."

"Nani kamruhusu?"

"Sista, naomba uniambie nguo ziletwe jengo gani na mlango upi."

"Sema kwa sauti, mtoto, unaongea na mimi au na kola yako?"

Sijui ilitoka wapi. Niliuliza tena, na safari hii mashine ya kunyooshea ikawa haisikiki. Fundi alisema baadaye kwamba alijichoma pini. "Aah," akasema Sista Mkuu, akiwa ametulia ghafla, "sasa hapo tunaelewana. Jengo la macho, mlango wa nyuma, penye ngazi za chuma." Nikamruhusu Msaidizi, Kijiko akaondoka mbio, na nguo zikafika kabla daktari hajamaliza kunawa. Kijiko anasema hata mlinzi alimpungia mkono, ingawa huenda alikuwa anafukuza nzi.

Mama Mvuke aliachia mikono yake. Alikwenda maliwatoni, na tukamsikia akipenga kamasi hadi gereji.

Jarida hili yeye halisomi. Alilisusa tangu lilipotoa picha yake akiwa amefumba macho. Kwa hiyo Meneja amekubali kusoma aya moja tu mbele yake siku ya kumuaga, na ndiyo hii:

Mama Mvuke, kwa niaba ya wanaonyoosha, wanaochambua, wanaoshona na wanaoendesha, asante kwa miaka thelathini na miwili ya sauti yako. Asante kwa utepe wa rangi, kwa mabeseni, na kwa maelezo ambayo hata fundi ameyakubali. Nenda ukampokee mjukuu wako, umsimulie michezo ya redio, na siku zako zote mbele ziwe nyepesi kama shuka lililotoka kukaushwa. Kila la heri, Mama yetu.

Yaliyobaki yapo kati yangu na wewe msomaji. Tangu Ijumaa ile, Mama Mvuke anamsimulia kila anayepita namna simu ilivyoita muda mrefu. "Mtoto alikuwa anatetemeka," anasema, "anaogopa mpaka huruma, lakini akaishika!" Anasema hivyo kwa fahari, kama vile alinizaa yeye. Tafadhali usimsahihishe. Mwache apande gari lake tarehe thelathini akiamini kwamba nilikuwa naogopa tu.